Kupima mishipa mipya ya damu kwenye uvimbe kwa MRI: mwongozo kamili, kuanzia kanula hadi namba ya mwisho

Chukua namba mbili. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi amepigwa MRI kabla ya kuanza dawa ya kuzuia mishipa mipya, kipimo kiitwacho Ktrans, nitakachokieleza, kikatoa 0.24. Wiki tatu baadaye karudi, kipimo kikatoa 0.15. Imeshuka karibu asilimia 38, na daktari wake anasubiri umwambie kama dawa inafanya kazi. Usimjibu bado. Nitazirudia namba hizi huko mbele, na nadhani jibu litakushangaza kidogo.

Mwongozo huu ni wa wateknolojia wa mionzi, madaktari wanaosomea radiolojia, na wanafunzi wa fizikia ya tiba wanaotaka kuanza kupima mishipa mipya kwa MRI yenye kontrasti (dawa ya kung'arisha picha inayoingizwa mshipani), si kuiangalia tu kwa macho. Nimechagua mlango wa kizazi kwa sababu ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, na kwa sababu nyonga ina vituko vyake ambavyo maandishi mengi kuhusu ubongo hayavitaji.

Tunachokitafuta hasa

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita moja au mbili bila kujiotea mishipa yake ya damu, na kwamba ukiizuia mishipa hiyo unaweza kuuzuia uvimbe. Seli zenye njaa ya oksijeni hutoa protini ya VEGF, na mishipa ya jirani huchipua kuzifuata. Mishipa hiyo hujengwa kwa haraka na vibaya: imejikunjakunja, kuta zake zina matundu, na damu humo mara inakwenda, mara inasimama. Bevacizumab, dawa inayoifunga VEGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2014 kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea au iliyorudi.

Njia ya kale ya kuipima mishipa hii ni kukata kinyama, kukipaka rangi maalumu na kuhesabu mishipa chini ya hadubini. Lakini kinyama hicho ni kama punje ya mchele kutoka kwenye uvimbe wa ukubwa wa chungwa, na hakuna mgonjwa atakayekubali kukatwa kila baada ya wiki mbili. Tena mshipa uliohesabiwa haukuambii kama damu inapita ndani yake. Kupima kipenyo cha uvimbe nako hakutoshi, kwa kuwa dawa hizi mara nyingi huunyima uvimbe damu kwa muda mrefu kabla haujasinyaa. Kwa hiyo tunatafuta bayomaka ya picha: namba itokayo kwenye picha, inayosimama badala ya jambo tusiloweza kulishika.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa mtambo

Swali moja, sentensi moja. "Je, dawa imepunguza damu na uvujaji kwenye uvimbe ndani ya wiki tatu?" ni swali. "Tuone mishipa ikoje" si swali.

Swali ndilo linalochagua chombo. Ultrasaundi ya kontrasti hutumia viputo vya gesi vyenye ukubwa unaokaribia chembe nyekundu ya damu. Havivuji nje ya mshipa, kwa hiyo vinakupa damu iliyomo ndani tu, na gharama yake ni ndogo kuliko CT, PET au MRI. Kwa ini ni chaguo zuri sana. Ultrasaundi ya Doppla ya kawaida inaona mishipa mikubwa kiasi, ile midogo yenyewe inaikosa. CT ya mtiririko ina faida kwamba mng'ao hupanda sawasawa na kiasi cha ayodini, hesabu zake ni rahisi, ila mionzi inayomwingia mgonjwa ni mingi kwa vile unapiga eneo lile lile tena na tena. PET ya maji yenye oksijeni-15, oksijeni inayotoa mionzi, hupima mtiririko vizuri mno, lakini oksijeni hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 2, kwa hiyo saiklotroni, mtambo unaoitengeneza, lazima iwe ukutani pako. MRI isiyo na kontrasti, ile inayoipa damu yenyewe alama ya sumaku, inafaa zaidi ubongo na figo.

Sisi tunabaki na MRI ya kontrasti inayopigwa mfululizo. Wazo lake ni jepesi: ingiza kontrasti ya gadoliniamu kwenye mshipa wa mkono, piga picha ya uvimbe kila sekunde chache, tazama mng'ao unavyopanda na kushuka. Mishipa mingi inayovuja hung'aa upesi. Kutoka kwenye mchoro huo tunatoa Ktrans, kasi ya kontrasti kutoka kwenye damu kuingia kwenye nyama, kwa kila dakika. Jina hilo na wenzake wawili, ve (nafasi iliyo nje ya seli) na kep (kasi ya kurudi kwenye damu, yaani Ktrans ukigawa kwa ve), yalikubaliwa na watafiti mwaka 1999 ili watu waache kuita kitu kimoja majina kumi.

Hatua ya 2: Mtayarishe mgonjwa

Uliza lini alikatwa kinyama. Kidonda kinachopona nacho huotesha mishipa mipya, na MRI haijui tofauti. Mimi hungoja wiki mbili baada ya biopsi kama matibabu yanaruhusu. Uliza pia hedhi: ukuta wa ndani wa mji wa mimba hujiotea mishipa upya kila mwezi bila saratani yoyote, kwa hiyo andika siku ya mzunguko ilikuwa ya ngapi.

Pima figo. Tatizo la ngozi na viungo kukakamaa kwa wagonjwa wa figo lilihusishwa na gadoliniamu mwaka 2006, na tangu hapo uchujaji wa figo ulio chini ya mililita 30 kwa dakika ni taa nyekundu. Tumia kontrasti ya muundo wa pete, ambayo huishikilia gadoliniamu kwa nguvu zaidi.

Pima hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, siku hiyo hiyo. Hapa nitakaa kidogo, maana ni kosa letu hasa sisi tunaotibu wagonjwa wenye upungufu wa damu. Kontrasti huogelea kwenye plazima, haiingii kwenye chembe nyekundu. Ukishapima kiasi chake kwenye damu, lazima ugawe kwa (1 − hematokriti) ili upate kiasi cha plazima. Programu nyingi zinaweka 0.42 zenyewe. Mgonjwa anayetokwa damu kwa wiki kadhaa anaweza kuwa na 0.25. Ukiiacha programu na 0.42 yake, Ktrans itatoka ndogo kwa karibu asilimia 23 kuliko ilivyo. Sasa aongezewe damu kabla ya kipimo cha pili, hematokriti ifike 0.33: Ktrans "itapanda" kwa asilimia 12 hivi bila uvimbe kubadilika hata chembe. Umepima chupa ya damu, hukupima mishipa.

Mwisho, akojoe nusu saa kabla ya kulala mezani ili kibofu kisimjae katikati ya kipimo, na apewe dawa ya kutuliza utumbo kama haina madhara kwake. Utumbo unaocheza husogeza mlango wa kizazi kwa milimita kadhaa, na hizo zinatosha kuharibu mchoro.

Hatua ya 3: Kanula na dozi

Kanula nene, kwenye mshipa wa kiwiko, na mkono ule ule katika vipimo vyote. Andika ni upi.

Dozi ni milimoli 0.1 kwa kilo. Mtego uko kwenye mililita. Kontrasti nyingi zina milimoli 0.5 kwa mililita, nyingine zina 1.0. Mama wa kilo 60 anahitaji milimoli 6: ni mililita 12 za ile ya kwanza, mililita 6 za ile ya pili. Nilipata kuona kituo kikibadilisha msambazaji katikati ya utafiti na mashine ya kusukuma ikaachwa na namba za zamani. Wagonjwa waliofuata walipata dozi mara mbili. Hakuna aliyeumia, lakini data zao zote zilitupwa. Tangu siku hiyo nasoma chupa kwa sauti mbele ya mwenzangu, na namba ya toleo naiandika kwenye fomu.

Sukuma kwa mashine, mililita 3 kwa sekunde, ukifuatiza mililita 20 za maji ya chumvi kwa kasi ile ile. Sindano ya mkono inafaa kwa picha za kawaida. Kwa kipimo haifai, maana mkono wako wa asubuhi si mkono wako wa jioni.

Na mwambie mapema: "Mama, utasikia ubaridi mkononi dawa ikiingia. Ni kawaida. Usitikisike, pumua kama kawaida." Mgonjwa aliyeshtuka sekunde hiyo ameharibu sehemu ya mchoro yenye thamani kuliko zote.

Hatua ya 4: Piga picha

Anza na picha za kawaida za T2 na zile za msambao wa maji. Hizo ndizo utakazotumia kuchora mpaka wa uvimbe.

Kisha ramani ya T1 (muda ambao nyama huchukua kurudia hali yake ya sumaku baada ya wimbi) kabla ya kontrasti. Mng'ao wa MRI hauna kipimo chake chenyewe, na bila T1 ya kuanzia huwezi kuugeuza kuwa kiasi cha gadoliniamu. Njia ya kawaida ni kupiga seti ile ile kwa pembe tofauti za mnyumbuko (kiasi ambacho wimbi huinamisha sumaku ya mwili), tuseme digrii 2, 5, 10 na 15, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Angalizo kwa wenye mtambo wa tesla 3: pembe uliyoiandika si pembe aliyoipata mgonjwa, hasa kwenye nyonga. Ikipungua kwa asilimia 10 tu, T1 inakosewa kwa karibu moja ya tano. Piga ramani ya marekebisho ya pembe. Mtambo usipoweza, afadhali tesla 1.5.

Sasa mfululizo wenyewe. Seti ya pande tatu kila sekunde 5 au chini, kwa dakika 6: hizo ni seti 72. Acha seti 6 za kwanza zipite kabla ya kusukuma kontrasti, zikupe msingi tulivu. Usijaribiwe kuongeza ukali wa picha kwa kurefusha kila seti hadi sekunde 20. Kontrasti hupita kwenye ateri kwa kilele chembamba kama sindano, na ukichelewa kilele hicho unakikosa.

Weka seti ndefu ya kutosha juu na chini ya uvimbe. Damu inayoingia pembeni mwa seti bado haijazoea mawimbi, inang'aa kwa uongo, na hiyo ndiyo damu unayotaka kuipima kwenye ateri. Ikusanye mahali palipo mbali na ukingo.

Hatua ya 5: Mchoro wa ateri

Lazima ujue kiasi gani cha kontrasti kilifika kabla ya kusema kiasi gani kiliingia kwenye uvimbe. Katika nyonga tumia ateri kubwa ya upande wa nje, inayoelekea pajani. Chagua vokseli (vipande vidogo vya picha ya pande tatu) chache za katikati, achana na za ukutani zilizochanganyika na nyama. Mchoro mzuri una msingi bapa, kilele kirefu chembamba, nundu ndogo ya mzunguko wa pili, kisha mteremko wa pole. Kilele kilichokatwa bapa juu kama Mlima Meza wa Cape Town maana yake kontrasti imezidi uwezo wa mtambo kuisoma, au umechelewa.

Kama ateri haisomeki, tumia mchoro wa wastani uliotengenezwa kutokana na watu wengi. Ni halali. Kisicho halali ni kutumia wa mgonjwa mwenyewe kipimo cha kwanza, halafu wa wastani kipimo cha pili.

Hatua ya 6: Chora uvimbe, pata namba

Chora kwenye kila tabaka, si tabaka moja "zuri". Misuli ya mji wa mimba hung'aa sana, isiingie. Amua mapema, kwa maandishi, kama sehemu iliyokufa katikati itahesabiwa. Ushauri wangu: ihesabu ndani ya mpaka, halafu toa ripoti ya namba mbili, Ktrans ya kati ya sehemu inayong'aa, na asilimia ya uvimbe inayong'aa. Dawa ikiua katikati ya uvimbe na wewe ukaitoa sehemu hiyo, kinachobaki ni ukingo wa uvimbe ulio hai na utaripoti kwamba hakuna kilichobadilika.

Kulinganisha data na mlinganyo unaogeuza mchoro kuwa Ktrans ni kazi ya programu. Mlinganyo wa Tofts, au ule uliopanuliwa unaoongeza damu iliyomo kwenye mishipa yenyewe, unatosha mwanzoni. Ukiona kompyuta inatoa ve kubwa kuliko 1, umepata uvimbe wenye nafasi kuliko uvimbe wenyewe: itupe vokseli hiyo. Kwa asiye na programu ya kuaminika kuna njia fupi, eneo chini ya mchoro wa gadoliniamu kwa sekunde 60 za kwanza. Halina maana safi ya kifiziolojia, lakini huyumba kidogo na halihitaji mlinganyo.

Hatua ya 7: Pima mara mbili kabla ya dawa

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na bila hii sita zilizopita ni mapambo. Namba huyumba yenyewe. Mgonjwa yule yule, mtambo ule ule, bila dawa yoyote, siku tatu baadaye: hutapata Ktrans ile ile. Lazima ujue huyumba kiasi gani kwenye mtambo wako, kwa mikono yako.

Chagua wagonjwa kabla ya matibabu, wenye figo nzuri na walioridhia kwa maandishi kupewa kontrasti mara ya pili, uwapime mara mbili ndani ya wiki. Huu ni utafiti, upeleke kwenye kamati ya maadili, na matibabu yasicheleweshwe kwa ajili yake. Tuseme umepata jozi hizi: 0.20 na 0.25, 0.16 na 0.15, 0.31 na 0.22. Kwa kila jozi chukua tofauti, gawa kwa 1.41, kisha gawa kwa wastani wa jozi. Utapata karibu asilimia 16, 5 na 24. Zipandishe kwenye kipeo cha pili, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo: asilimia 17 hivi. Zidisha kwa 2.77 upate mpaka ambao mabadiliko ya mgonjwa mmoja lazima yauvuke ndipo useme, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kuna kitu kimetokea. Ni asilimia 46 au 47. Jozi tatu ni za mfano tu, wanatakwimu wanapenda zipite 30. Kumi ni afadhali kuliko sifuri.

Sasa rudi kwa mama wetu, 0.24 hadi 0.15. Ameshuka asilimia 38. Kwenye mtambo wenye mpaka wa 46, hiyo haitofautiki na kuyumba kwa kawaida. Jibu kwa daktari wake ni: "Kipimo hakijathibitisha mabadiliko." Si "dawa imeshindwa", wala si "dawa inafanya kazi". Wagonjwa 20 wakishuka wote kwa wastani huo ni habari nyingine kabisa, maana kuyumba kwa wastani wa kundi hupungua kadiri kundi linavyokua. Ndiyo sababu kipimo hiki kina nguvu kwenye majaribio ya dawa kuliko kwenye kliniki ya Jumanne.

Hatua ya 8: Soma namba kwa akili

Ktrans ni mchanganyiko wa vitu viwili. Kuta zikivuja sana, kinachoiamua ni damu inayofika. Kuta zikivuja kidogo, kinachoiamua ni uvujaji. Ikishuka huwezi kusema kwa namba hiyo pekee kama bomba limefungwa au tundu limezibwa.

Waliotibu uvimbe wa ubongo walilipata somo hili. Bevacizumab huziba matundu ndani ya siku chache, mng'ao hupotea na picha inapendeza, kumbe uvimbe unaendelea kutambaa bila kung'aa. Vigezo vya RANO, vya kupima jinsi uvimbe wa ubongo unavyoitikia tiba, vya mwaka 2010 viliwekwa kwa sehemu kwa sababu hiyo: tazama pia picha za T2, na thibitisha tena baada ya wiki nne.

Kwenye mlango wa kizazi kuna kinyume kingine. Ktrans kubwa si habari mbaya siku zote. Mionzi inahitaji oksijeni ili iue seli vizuri, na uvimbe unaofikiwa na damu ya kutosha huwa na matokeo mazuri zaidi kwa tiba ya mionzi kuliko ule uliokaukiwa. Kwa hiyo mgonjwa wa mionzi mwenye namba ndogo tangu mwanzo ndiye wa kumwangalia kwa jicho la pili, na himoglobini yake nayo iangaliwe.

Hatua ya 9: Andika ripoti, tunza data

Ripoti yenye kufaa husomeka hivi: "Ktrans ya kati 0.15 kwa dakika (awali 0.24, mabadiliko −38%, mpaka wa kuyumba wa kituo ±46%). Sehemu inayong'aa 81% (awali 84%). Hematokriti 0.31 na 0.30. Ateri ya nje ya kulia, mlinganyo wa Tofts uliopanuliwa." Ripoti yenye Ktrans peke yake ni bei bila sarafu.

Tunza picha ghafi zote, si ramani za rangi. Programu mbili zikipewa data zile zile zinaweza kutoa Ktrans tofauti, kwa hiyo ipo siku utahitaji kuchakata upya kila kitu kwa moja. Toleo la programu lisibadilike hadi mgonjwa wa mwisho wa utafiti amalize. Fundi wa mtambo akija na sasisho na kusema ni dogo, mwombe aandike limegusa nini, na asubuhi inayofuata piga fantomu (kifaa cha majaribio kinachowekwa badala ya mtu) kabla hujamwita mgonjwa wa kwanza.